Mwanangu na "kwa nini" zake, mi nilivyofanya

Jamani mi kijana wangu ana miaka mitano, tunakaa Nkuhungu hapa Dodoma, na mtaani kwetu watoto wa chekechea jioni wanapelekwa twisheni. Wa kwangu haendi, majirani washaniona bahili, poa tu. Mtoto anauliza kwa nini toka anaamka mpaka anasinzia, huyo wa kulazimishwa kujifunza? Mi nachojitahidi ni nisimkate stimu.

Akiuliza sijibu fasta, namwambia we unaonaje, halafu tunaenda kuangalia. Msimu uliopita babu yake katuletea zabibu toka Hombolo, dogo akauliza mti wa zabibu kavu ukoje. Nikamwambia tuanike hizi tuone. Tukapima kilo nne dukani kwa Mangi, tukazitandaza kwenye ungo juu ya banda la kuku, tukafunika na kipande cha neti. Kila akirudi shule anapanda kwenye ndoo anachungulia, anabonyeza moja, anaionja, anakuja mbio, "Mama zimekunjamana kama shavu la bibi!" (bibi hakufurahi). Zilipokauka tukarudi kwa Mangi, mizani ikasoma kilo moja kasoro. Dogo akaja juu, eti Mangi kaiba! Mangi mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Basi mtoto hakulala vizuri mpaka ajue kilo tatu zimeenda wapi, tukaanika kitambaa kilicholowa, tukachemsha maji aone matone kwenye mfuniko, akajua mwenyewe kwamba ni maji yameondoka. Na namba za mizani kazijulia hapohapo.

Nilichokataa kabisa ni zawadi. Shangazi yake alikuwa anampa pipi kwa kila herufi, nikamwambia wifi naomba mpe pipi kwa vile ni Jumapili, sio kwa vile kataja B. Sio kiherehere changu, kuna utafiti ulifanyika Marekani ukatoka 1973, watoto wa chekechea waliopenda kuchora wakaahidiwa cheti, baadaye vyeti vilipoondolewa hao ndo wakachora kidogo kuliko ambao hawakuahidiwa kitu. Wifi alinuna ila pipi zimeisha.

Kinachonitesa ni kuchelewa tu, maana akikuta siafu wanavuka njia hapo hatoki, na daladala haisubiri mtu.

Sahivi kakomaa na mbuyu, kwa nini kiangazi unapukutisha majani yote na haufi. Babu kasema ampeleke akaukague, Jumamosi tunaenda.