Jirani Asiye na Bahasha

Wapendwa katika Bwana, Neno letu juma hili ni Matendo ya Mitume 6:1–7. Ni aya saba tu. Zisomeni kwanza, kisha turudi hapa.

Tumezoea kulisifu kanisa la Yerusalemu kama kanisa lisilo na kasoro. Watu waliuza viwanja na nyumba, wakaweka thamani yake miguuni pa mitume, wala hapakuwa na mwenye kupungukiwa. Hiyo ni sura ya nne. Ukifika ya sita unakuta manung'uniko: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani "walisahauliwa katika huduma ya kila siku."

Chakula kilikuwepo na wagawaji walikuwepo. Tena huduma ilikuwa ya kila siku, si ya Krismasi na Pasaka kama yetu. Hata hivyo kuna akina mama waliorudi nyumbani mikono mitupu, na wote walikuwa wa upande mmoja: wasemao Kigiriki, watu wa familia zilizokulia nje ya Uyahudi. Huenda mjane wa Kiebrania alikuwa na shemeji au jirani wa tangu utoto wa kumsemea, na huyu mwingine hakuwa na wa kumtaja. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyewanyima kwa makusudi.

Sasa tujitazame. Kamati ya diakonia ikiombwa orodha ya wahitaji, inafungua daftari la bahasha za ahadi, yaani za sadaka ambayo kila msharika ameahidi kutoa. Mwenye namba ya bahasha anajulikana: mtaa wake, jumuiya yake, ahadi yake na alichopunguza. Asiye na bahasha hayumo. Mama aliyehamia mwaka jana, akapanga chumba kimoja na wanawe watatu, hayumo. Yule aliyeacha kuja jumuiya kwa sababu kila akija anaulizwa ahadi, naye hayumo, na yamkini ndiye mhitaji kuliko wote walioorodheshwa.

Lipo daftari jingine mtaani lenye habari kamili kuliko letu, nalo ni lile la madeni, linalokaa chini ya kaunta dukani kwa Mangi. Mangi anajua nani alikuwa akinunua unga kilo tano, akashuka hadi mbili, sasa anatuma mtoto nusu kilo na mafuta ya kupima. Anajua nyumba ambayo sukari haijaandikwa kwa mwezi mzima. Anajua pia ni nani ameacha kabisa kupita mbele ya duka, anazunguka njia ya nyuma kwa aibu ya deni. Simwambii mzee wa kanisa aende kulikagua daftari hilo. Siri za watu si zetu. Lakini anaweza kwenda jioni, duka likiwa halina watu, akaacha shilingi elfu thelathini na kusema, "Mangi, kuna mtu unayejua amebanwa kweli? Mpunguzie deni, usiseme zimetoka wapi." Mangi atajua pa kuzipeleka. Mama yule atapewa habari kwamba deni limepungua, na kesho yake atapita mbele ya duka kama watu wengine.

Linganisha na tunavyofanya Desemba. Tunamsimamisha bibi mbele ya madhabahu, ameshika mfuko wa unga na mche wa sabuni, huku kamati nzima imejipanga nyuma yake kwa tabasamu, na kabla hajafika nyumbani picha iko kwenye kundi la WhatsApp la usharika. Wajukuu wake wanaiona. Bwana alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume. Sisi tumehakikisha hadi walioko Mwanza wamejua. Mniwie radhi, lakini hili tungeliacha mwaka huu huu. Kamati ikihitaji kumbukumbu za matumizi, risiti zinatosha.

Turudi kwa mitume. Hawakuuliza nani ameanzisha maneno. Hawakuwakemea walionung'unika kwa kuleta mgawanyiko. Waliita kusanyiko, wakasema wachaguliwe watu saba "walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujawa na Roho, na hekima." Sasa tazama majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki, na Nikolao hakuzaliwa hata Myahudi, alikuwa mwongofu wa Antiokia. Kusanyiko liliutwaa ufunguo wa ghala likaukabidhi kwa upande uliokuwa ukilala njaa. Hapa ndipo ninapowaomba wazee wetu wakae kidogo. Kamati zetu za diakonia tunazijaza wastaafu wenye pensheni na akina mama wenye maduka, watu wema kabisa, ila wengi wao ni miaka mingi tangu walale bila kula. Mwekeni mjane mmoja humo. Mwekeni kijana wa bodaboda anayejua kila uchochoro na kila mgonjwa aliyembeba usiku. Mwekeni mama wa chumba cha kupanga.

Watu wa namna hiyo watatuambia pia kwamba msaada si unga peke yake. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sare, madaftari na mchango wa uji bado vinamsubiri mzazi. Mzee asiyejiweza ana njia ya kupata msamaha wa matibabu, ila lazima apate barua ya serikali ya mtaa, kisha aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Bibi wa miaka sabini asiyejua kusoma ataishia dirisha la kwanza. Usharika wetu una walimu wastaafu, manesi na makarani. Asubuhi moja ya nesi mstaafu, akiwa ameketi na bibi yule kwenye benchi hadi aitwe, inaweza kuzidi kapu letu lote la Desemba.

Na jirani asiye wa kanisa letu? Yule Msamaria hakumuuliza majeruhi anasali wapi. Mtaani kwetu tunapelekeana sahani za futari na za Krismasi bila kuulizana dini, basi na njaa tuipokee hivyo hivyo. Ila mfuko wa unga usifungwe na kipeperushi cha semina ya Neno la Mungu ndani yake. Akitaka kujua tunamwabudu nani, atauliza mwenyewe.

Jumuiya ya juma hili, baada ya somo, suala la ahadi lisubiri. Mzee wa kanisa aulize: nani hatujamwona mwezi huu, na nani amehamia karibu nasi? Kila nyumba itakayotajwa waende watu wawili kabla ya Jumapili, wakasalimie na kusikiliza. Likionekana hitaji, la kwanza litoke mfuko wa jumuiya wenyewe, hata kama ni elfu kumi tu, lisingoje kikao cha baraza la wazee.