Kufuli Juu ya Rehobothi

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nilikuwa nimeandaa neno juu ya kufunga na kuomba. Nimeliweka kando tangu Jumanne asubuhi, na mtanisamehe nikieleza kwa nini.

Mnajua Oktoba ilivyo huku kwetu barabara ya Kondoa. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na hata mwaka mzuri ni milimita 500 na kitu, 600. Sasa hivi korongo ni mchanga mtupu na vumbi linaanza saa nne asubuhi. Kisima cha nyumbani kwangu hakijawahi kukauka tangu mume wangu akichimbe mwaka 1996. Lakini tangu alipolala, 2021, kina kufuli. Nililiweka mimi.

Nilikuwa na sababu zangu. Vijana wa baiskeli walikuja usiku kuchota maji ya kwenda kuuza, kamba ikakatwa mara mbili, ndoo ikatumbukia, na mmoja wao akanijibu maneno ambayo mjane hastahili kujibiwa. Nikamwita fundi wa kuchomelea, akanitengenezea mfuniko wa chuma. Mwanzo nilifungua asubuhi na jioni. Baadaye jioni tu. Mwisho nikawa nafungua nikijisikia.

Jumanne nilikwenda pale na mnyororo wa pili, kwa sababu bawaba moja imelegea. Nikakuta dumu la njano juu ya mfuniko, tupu, limezibwa kwa gunzi la muhindi. La mtoto wa jirani. Mama yake amejifungua juzi tu. Mtoto alilileta alfajiri likae foleni mpaka nitakapofungua, akaenda zake shule. Hakunigongea. Wameshazoea.

Nikainama kufagia udongo ulioganda kwenye ukingo, nipate pa kupitisha mnyororo, na chini ya udongo zikatokea herufi. REHOBOTHI 1996. Aliziandika kwa kidole saruji ikiwa mbichi. Ile B imekaa kama 8. Pembeni kuna alama ya kisigino kidogo, cha mtoto wetu wa kwanza, aliyekanyaga akakimbia kujificha. Miaka yote ile maji yamemwagika hapo, udongo umejaa, nami nimesahau kabisa kwamba kisima kina jina.

Nilikaa chini, mnyororo mapajani.

Mume wangu hakuwa mtu wa nchi kavu. Alizaliwa kijiji cha kando ya Mto Mara, ule unaoanzia milima ya Mau kule Kenya, ukapita Serengeti na kumwaga maji yake Ziwa Victoria. Kwao ni upande wa Kirumi, barabara ya kwenda Tarime inapovuka mto, penye kinamasi kikubwa cha mafunjo. Alijua kusukuma mtumbwi kwa pondo kabla hajajua kuandika. Alivua kambare na kamongo pamoja na baba yake, na alijua mamba wanaota jua wapi. Watoto wetu walipenda hadithi ya kamongo: maji yakikauka anajichimbia kwenye tope, anavuta pumzi taratibu, anasubiri mvua irudi. Akifika hapo alikuwa anagusa ardhi kwa kiganja na kuwaambia, "Hata hapa chini yetu, maji yapo. Yanatusubiri."

Mwaka 1981 alipanda treni Mwanza, daraja la tatu, na sanduku la mbao, safari ya Dar es Salaam. Ndani ya behewa akasikia watu wanazungumza kwamba makao makuu yanahamia Dodoma, ule uamuzi wa 1973, na vibarua wanatafutwa. Akashuka Dodoma. Hivyo tu. Alikuwa na miaka 24 na hakumjua mtu hata mmoja. Akaingia kwenye kikundi cha wachimba visima, na kwa miaka karibu 30 alichimba: Kondoa, Mpwapwa, Manyoni, mpaka Singida. Kijiji kikisema "hapa hakuna maji", yeye ndiyo kwanza anataka kwenda.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi kuolewa na mtu wa namna hiyo. Anaweza kuondoka wiki sita. Nililalamika sana, mengine ningependa kuyarudisha mdomoni. Lakini hakuwa mzembe. Kabla mtu hajashuka shimoni aliteremsha koroboi kwa kamba. Ikizimika, hashuki mtu, hewa ya chini mbaya. Nimemwona akigombana na mwenye kazi aliyekuwa anaharakisha vijana washuke. Alikunja kamba yake, akarudi nyumbani bila malipo, na wiki ile tulikula mlenda na ugali wa uwele siku zote saba.

Kisima cha nyumbani alichimba mara tatu. Shimo la kwanza, mita 6, akakuta mwamba. La pili likatoa maji ya chumvi, ya ng'ombe. Nikamwambia, baba, acha sasa, watu wanakucheka. La tatu, mita 14, maji matamu. Kopo la kwanza hakunipa mimi. Alimpa bibi mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni, akamwamkia kwa Kigogo chake kile kibovu, na yule bibi akanywa akiwa bado na kuni kichwani.

Sasa ninyi andiko mnalijua. Mwanzo 26. Isaka, mwana wa Ibrahimu, naye alichimba, wachungaji wa Gerari wakamgombania, akakiita Eseki, akachimba tena, wakamgombania, akakiita Sitna, cha tatu ndicho Rehobothi, "Bwana ametufanyizia nafasi." Hilo ndilo lililomfurahisha mume wangu. Lakini Jumanne Roho aliniminya kwenye mistari ya juu yake, ule wa 15 na wa 18. Visima vya Ibrahimu, Wafilisti walivifukia baada ya kufa kwake Ibrahimu. Baada ya kufa kwake! Mzee akiwa hai hakuna aliyethubutu. Alipozikwa tu, wakaleta kifusi.

Siku zote nilidhani Wafilisti ni watu wa nje. Wapendwa, Mfilisti wa kisima hiki ni mimi mjane wake, mwenye ufunguo kwenye kanga.

Niruhusuni niseme na familia zetu, maana jambo hili si langu peke yangu. Tunajua sana kulia msibani. Tunashona sare za msiba, tunajenga kaburi la marumaru, kila mwaka ibada ya kumbukumbu na pilau. Hayo si dhambi, nami nimeyafanya. Lakini jiulize: yule uliyemzika, alikuwa anafanya nini ambacho kimekoma tangu azikwe? Baba alikuwa akiwaita saa tatu usiku mnaomba pamoja. Nani anaita sasa? Alikuwa anamlipia ada mtoto wa dada yake; mlimaliza arobaini mkamwambia mtoto arudi kwao. Shangazi alikuwa na kitanda chake katika nyumba ile miaka 20, leo akija anakaa sebuleni kama mgeni na kuaga kabla ya giza. Mmeweka picha ya baba ukutani, kubwa, yenye fremu ya dhahabu, na chini ya picha hiyo mnagawana shamba kwa matusi. Kaka zangu, dada zangu, hicho ni kifusi. Mnamwaga kifusi ndani ya kisima cha mzee wenu huku mmevaa fulana yenye sura yake.

Na ndugu wa mume mnaokuja na kirikuu kubeba vitu vya mjane kabla matanga hayajaanuliwa, mnajijua. Tubuni.

Isaka hakumjengea babaye mnara. Alirudi na majembe, akavichimbua, na akaviita majina yale yale aliyoviita babaye. Hapo ndipo nililia, kwenye majina. Mithali 10:7 inasema kumbukumbu la mwenye haki huwa na baraka, nami nilikuwa nimeifungia baraka hiyo na kutembea na ufunguo. Yule mwanamke Msamaria, pamoja na maisha yake yote yaliyovurugika, bado alijua kusema "baba yetu Yakobo, aliyetupa kisima hiki." Huyu mtoto wa jirani angesema nini juu ya mume wangu? Amepata akili kisima kikiwa tayari kina kufuli.

Sisemi maji yasitunzwe. Kamba inanunuliwa, na wale wa baiskeli nimeshaongea na mwenyekiti wa kitongoji, zamu itapangwa. Utunzaji ni jambo moja na uchungu ni jambo lingine, na mimi nilikuwa nauita uchungu wangu utunzaji.

Kufuli nimelitoa Jumanne hiyo hiyo. Dumu la njano nimelijaza na kulipeleka mwenyewe, nikamkuta mzazi amelala na kichanga chake. Nikaomba msamaha, naye akanisogezea kigoda.

Limebaki jambo moja. Maji yametoka na harufu kidogo kwa kukaa bila kuchotwa sana, na kuna tope chini la kuzoa. Kitinda mimba wangu anasema atashuka yeye. Ana miaka 24, anacheka kama baba yake, na tangu aseme hivyo sijalala vizuri. Niombeeni. Tunaanza Jumamosi saa 12 asubuhi. Mwenye kamba nzuri au ndoo ya chuma aje nayo. Koroboi ninayo ile ile. Leo nimeibadilisha utambi, nikaijaza mafuta.