Nyayo kuwaka moto usiku kwa mwenye kisukari

Maumivu haya hutoka kwenye neva zilizoharibiwa na sukari iliyokaa juu muda mrefu, ndiyo maana parasetamoli na diklofenaki hazifui dafu. Diklofenaki ina ubaya wa ziada: huumiza figo, ambazo kisukari tayari kinazitishia.

Dawa ya bei nafuu ni amitriptilini. Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 10 au 25, inywewe saa moja au mbili kabla ya kulala, kisha huongeza polepole. Wengi huiacha baada ya siku tatu wakidai haisaidii. Ipe wiki kadhaa. Mdomo utakauka, na asubuhi unaweza kuamka na usingizi. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya macho au tezi dume iliyovimba aseme mapema, apewe nyingine kama gabapentini.

Unatumia metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa miaka? Omba kupimwa vitamini B12. Upungufu wake huleta ganzi na maumivu ya miguu kama haya, na huo unatibika.

Kuloweka miguu kwenye maji ya moto yenye chumvi ni hatari, hata kama jirani anaapa kwamba kulimsaidia. Mguu huohuo unaouma unaweza usihisi joto. Ngozi inababuka, kidonda kinaanza. Maji yawe vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko. Shuka likigusa na kuuma, vaa soksi laini za pamba zisizobana. Kabla ya kuvaa viatu, pitisha mkono ndani utafute kokoto. Mguu mmoja ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto, hata bila maumivu, nenda hospitali siku hiyohiyo.