Kumbukumbu ya mradi wangu: mabao ya Sun Wen kwenye karatasi za manila

Mradi wenyewe ni huu: kuchora mabao yote 11 aliyofunga Sun Wen katika fainali za Kombe la Dunia la wanawake, kila mechi na karatasi yake, kisha kuyabandika ukutani kwa mfuatano kuanzia 1991 hadi 2003. Kwa asiyemfahamu, huyu alikuwa mshambuliaji wa China, mzaliwa wa Shanghai mwaka 1973, jezi namba 9, aliyeifungia timu yake ya taifa mabao 106 katika mechi 152. Mwaka 2000 FIFA ilimtangaza mchezaji bora wa kike wa karne pamoja na Michelle Akers wa Marekani. Nakutana na watu wanaolijua soka vizuri kabisa, wanakutajia vikosi vya miaka ya tisini mstari kwa mstari, lakini bao moja la Sun Wen hawalikumbuki. Hilo linaniuma, ndiyo maana nachora.

Vipimo

Nachora nusu ya uwanja tu, kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 2. Boksi la kumi na nane linatoka na upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 8 na robo. Nukta ya penati inakaa sentimita 5 na nusu kutoka mstari wa goli. Tao la juu ya boksi nalipiga kwa bikari iliyofunguliwa sentimita 4.6. Goli lenyewe, mita 7.32, halifiki hata sentimita 4. Ukishaona mlango ulivyo mwembamba kwenye karatasi pana kiasi hicho, unaanza kumheshimu mfungaji upya.

Chini ya kila uwanja naweka mstari wa dakika, milimita 2 kwa kila dakika. Mstari huu ndio umenifundisha mambo mengi kuliko michoro yenyewe.

Karatasi za 1991 na 1995

Kombe la kwanza lilichezwa mkoani Guangdong, nyumbani kwao, Sun Wen akiwa na miaka 18. Mechi za mashindano yale zilikuwa za dakika 80, si 90, kwa hiyo mstari wa karatasi hii una sentimita 16 badala ya 18. Bao lake katika sare ya 2-2 dhidi ya Denmark, dakika ya 37, linakaa milimita chache tu kabla ya mapumziko. Mtu asiyejua habari ya zile dakika 80 akipita ukutani atadhani nimepunja kipimo, basi nimeandika maelezo kwa penseli pembeni.

Sweden, 1995, ni karatasi mbili. Ya kwanza ni sare ya 3-3 na Marekani: China walikuwa nyuma 3-1, wakapata la pili, halafu Sun Wen akasawazisha dakika ya 79. Ya pili ni ushindi wa 3-1 dhidi ya Denmark, bao lake dakika ya 76. China walimaliza nafasi ya nne.

Karatasi za 1999

Hapa nimekaa muda mrefu kuliko kote, na sioni haja ya kuharakisha. Mabao 7 katika mashindano mamoja: matatu dhidi ya Ghana mjini Portland (dakika ya 9, 21 na 54), mawili dhidi ya Australia (39 na 51), na mawili ya nusu fainali dhidi ya Norway, mabingwa watetezi, waliofungwa 5-0 (dakika ya 3, na penati dakika ya 72). Alilingana na Sissi wa Brazil kwa ufungaji bora, na Mpira wa Dhahabu wa mchezaji bora akauchukua yeye.

Nilipozipanga karatasi tatu sakafuni, moja chini ya nyingine, mistari ya dakika ikanionyesha jambo ambalo orodha ya wafungaji hainionyeshi: katika kila mechi aliyofunga mwaka ule, bao la kwanza la mchezo lilikuwa lake. Ghana, Australia, Norway. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua mlango, wenzake wakaingia. Alikuwa nahodha, na kwangu huo ndio unahodha.

Halafu fainali dhidi ya Marekani. Rose Bowl, Pasadena, tarehe 10 Julai, watazamaji 90,185. Mstari una sentimita 24, kwa sababu mechi ilikwenda dakika 120, na hauna bao hata moja. Nilichora pale ambapo bao nusura liingie: kona katika muda wa nyongeza, Fan Yunjie wa China anapiga kichwa, Kristine Lilly wa Marekani amesimama kwenye mstari wa goli na anautoa mpira kwa kichwa. Wakati ule sheria ya bao la dhahabu ilikuwa inatumika. Mpira ule ungepita, mechi ingeisha palepale na China wangekuwa mabingwa wa dunia.

Yakaja matuta. Briana Scurry, kipa wa Marekani, aliuokoa mkwaju wa Liu Ying wa China. Sun Wen alipiga wa tano na wa mwisho kwa China, akijua kwamba akikosa kombe limeondoka. Akafunga, ikawa 4-4. Kisha Brandi Chastain wa Marekani akafunga, akavua jezi, na picha ile ikazunguka dunia nzima. Mkwaju wa Sun Wen uliotangulia hakuna anayeuongelea.

Kitakwimu, mikwaju ya matuta haihesabiwi kuwa bao la mchezaji, kwa hiyo haumo katika yale 11. Nilikuwa nauliza kwa sauti kama niuchore au niuache, mpwa wangu akiwa anapaka rangi nyekundu kwenye karatasi ya Norway.

"Mjomba, kama mpira uliingia, chora."

Nimeuchora kwa nukta. Mstari kamili ni bao rasmi, nukta ni tuta, na ufunguo uko kona ya chini kulia. Nadhani ndiyo karatasi iliyotoka vizuri kuliko zote.

Karatasi ya 2003

Kombe lilikuwa lifanyike China, likahamishiwa Marekani kwa sababu ya ugonjwa wa SARS. Sun Wen ana miaka 30, anafunga bao pekee dhidi ya Ghana dakika ya 29. Robo fainali Canada wakawatoa kwa 1-0. Karatasi imekamilika.

Zinazofuata

Nimeanza Olimpiki. Fainali ya 1996 dhidi ya Marekani, waliyopoteza 2-1, inanipa kazi: dakika ya 32 Sun Wen anatoroka mabeki, anauinua mpira juu ya Scurry, na Chastain anayeukimbilia hawezi kuuzuia. Karatasi bapa haina kimo. Nimejaribu mstari uliopinda wenye vivuli chini yake, mzito pale mpira ulipo chini, mwepesi ulipo juu, na inasomeka.

Baada ya hapo ni Sydney 2000: mawili dhidi ya Nigeria, moja Marekani, moja Norway, karatasi tatu. Mpwa wangu ameshaweka oda ya mradi unaofuata, China na Zambia 4-4 kwenye Olimpiki ya Tokyo, siku Wang Shuang alipofunga yote manne ya China na Barbra Banda akajibu kwa matatu. Manila ya kijani kwa ajili ya Zambia tayari iko kabatini.