Filamu kali kuliko zote za miaka ya 90

Jana kijiweni ubishi ulianza kiutani tu, mpaka saa sita usiku bado tunarushiana maneno. Jamaa mmoja kang'ang'ania Titanic, hoja yake ni zile Oscar 11. Haya, kama ni tuzo, The Shawshank Redemption ya 1994 iliteuliwa mara 7 ikatoka mikono mitupu, na kwenye majumba ya sinema ilidoda kabisa. Leo nani haijui?

Kura yangu ni Heat ya 1995. Al Pacino na Robert De Niro, polisi na jambazi, wamekaa mgahawani wanapata kahawa. Hakuna bunduki wala mbio. Wanaambiana kwa upole kabisa kwamba siku ikifika hakuna atakayesita kummaliza mwenzake. Walishawahi kuwemo kwenye filamu moja mwaka 1974, ila hawakukutana kwenye tukio hata moja. Hapa ndipo wanatazamana usoni. Mimi pale hoi!

Sasa muuza kahawa, aliyekuwa kimya muda wote, akatia neno: "Wote mmesahau Terminator 2." Nusu ya kijiwe ikahamia kwake papo hapo. Wasaliti wakubwa! Wadau, nyie mnasimama na nani?