Si wingi wa sukari tu, ni mara ngapi inaingia mdomoni

Naendesha trela kati ya Malaba na Kampala. Kazi hii ina utamu mwingi wa njiani: foleni ya mpakani unaipitisha kwa chai ya maziwa na mandazi, ukifika upande wa Kakira kuna miwa, Namawojjolo wanakupungia gonja (ndizi za kuchoma) na soda dirishani. Chupa ya nusu lita nilikuwa naiweka karibu na gia, napiga funda, naendelea, napiga funda tena.

Gego la chini likaanza kunivuta nikinywa maji baridi. Daktari wa meno alilimulika, kisha akaniuliza, "Mzee wangu, hiyo soda unaimaliza kwa muda gani?" Nikamwambia ni safari nzima. Akanieleza kwamba bakteria walio kwenye utando wa meno hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hulainisha enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, kwa nusu saa hivi, pengine zaidi, kabla mate hayajaizimua na kuanza kurudisha madini. Kila funda jipya, hesabu inaanza upya. Kwa mwendo ule, mate yangu hayakupata nafasi ya kufanya kazi. Akaongeza kwamba kwetu watu wazima fizi zikisharudi nyuma, mzizi wa jino hubaki wazi, na mzizi hauna enameli ya kuukinga.

Utamu sikuuacha, niliukusanya. Mandazi na chai yenye sukari vinaliwa pamoja na mlo. Miwa naibeba mpaka nyumbani, tunaitafuna baada ya chakula. Katikati ya milo ni maji, karanga au muhogo wa kuchemsha. Kigumu kilikuwa usiku, maana soda ndiyo ilikuwa ikinikesheza. Nikahamia chai ya rangi isiyo na sukari. Tanboi wangu aliionja akauliza, "Mzee, hii ni dawa?" Ulimi wangu nao ulikataa kwanza, baadaye ukazoea, na leo chai ya vibandani naiona tamu kupita kiasi.

Kiasi nacho kina uzito wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima. Nusu lita ya kola peke yake inafika hapo.

Gego lilizibwa, halijanivuta tena. Kabla ya kulala, hata nikilala ndani ya gari, napiga mswaki kwa dawa yenye floraidi na kutema povu bila kusukutua, ili dawa ibaki kwenye meno, kwa kuwa usingizini mate hupungua sana. Ila nikiwa nimetoka kunywa juisi ya pasheni au kula nanasi, nasukutua kwa maji matupu na kusubiri nusu saa ndipo nishike mswaki, kwa sababu enameli iliyolainika hulika ukiisugua.