Chupa ya tatu ni ya muuzaji

"Kwa hiyo unataka kuniambia nini, mama Zuhura?" Toka Jumapili hilo swali la Mama linanizunguka tu, nikiosha vyombo lipo, nikiwa kwenye basi lipo, mpaka usiku kazini namgeuza mgonjwa nalisikia. Mnamjua mama mkwe wangu, hagombi, anauliza.

Na mimi nilikuwa nampigia stori kwa raha zangu jamani! Tasnifu nimeshakabidhi (ndiyo, hatimaye), baba Zuhura kapata mkataba wa kudumu, nikasema leo nimsimulie Mama habari za wachakachuaji wa maziwa wa Uingereza enzi za Mfalme Edward wa Saba, maana yeye kauza maziwa Muheza miaka na miaka, nani ataelewa kama yeye? Nikamwambia Mama, bwana afya wa kule alikuwa hajitangazi. Anakuja kama mteja, akijua sura yake inajulikana anamtuma mwanamke au kijana, analipa hela, maziwa yakishakuwa mkononi ndo anasema haya yanakwenda kwa mkemia. Anayagawa mafungu matatu palepale mbele ya muuzaji, kila chupa inapigwa lakiri: moja ya mkemia, moja anabaki nayo mwenyewe, moja anapewa muuzaji.

Kimya. Nikajua mtandao, nikaongeza sauti, nikamwambia kuanzia 1901 mafuta yakiwa chini ya asilimia 3 sheria inakuhesabu umetia maji au umeengua malai mpaka uthibitishe vingine, na wajanja nao wakaona basi, ng'ombe wangu anatoa zaidi ya hapo, natia maji mpaka nifike kwenye 3 nakomea hapo. Wengine wanabisha mahakamani kwamba ng'ombe ndo anatoa hivyohivyo, kweli wanakwenda mpaka zizini anakamuliwa mkaguzi akiangalia. Hapo nilikuwa nacheka peke yangu. Bado sijafika kwenye fomalini waliyokuwa wanatia yasichache, watoto wachanga wanakunywa, na dawa hizo kwenye maziwa hazikukatazwa mpaka 1912! Ndo akaniuliza lile swali.

Sasa mimi nimesema maji, nimesema maji yake? Baba Zuhura anasema nimekuza mambo, Mama alikuwa na usingizi tu. Usingizi gani saa moja jioni.

Jana nimetoka kazini nakuta voisi yake, ndefu, kuku wanalia nyuma. Wala hakusalimia. "Hiyo chupa ya muuzaji, akienda nayo mahakamani wanaipokea?" Halafu akaanza kueleza kitu ambacho hata mwanawe hakijui. Baba Zuhura akiwa bado wa kubebwa mgongoni, bwana afya mmoja alimkuta sokoni, akatumbukiza kile kipimo kwenye dumu, akasema maji haya, akamwaga lote chini mbele za watu. Dumu zima, na la jirani alilokuwa anamuuzia. "Mimi sikuachiwa hata kikombe cha kubishia," anasema, na sauti yake kavu kama anasoma bei ya mchele.

Nikampigia hapohapo na uniforomu yangu. Nikamwambia wanaipokea Mama, muuzaji anaweza kumpa mkemia wake mwenyewe aipime, na pande mbili zikivutana, mahakama inaipeleka ile ya mkaguzi kwenye maabara ya serikali London. Akanyamaza, safari hii sikuogopa. "Na hakimu anawasikiliza?" Nikasema wengine walishinda kweli. Akacheka mpaka akakohoa. "Alaa! Yaani mwizi wa maziwa anaachiwa chupa yake!" Sijui kama yeye alitia maji ama hakutia, na siulizi ng'o.

Kesho anataka nimalizie habari ya fomalini.

Ila hii boila nayo imeanza tena ule mlio, mwenye nyumba hapokei simu, na wanasema kuanzia Jumatatu baridi inashuka chini ya sifuri.